Koili ya tatu kwenye transfoma ya 220/132/33 kV: kazi zake na mahali inapokusumbua

Transfoma kubwa ya kituo cha kupoza umeme chenye 220 kV na 132 kV, volteji ambazo gridi za Tanzania na Kenya zote zinatumia, ina bushingi (nguzo za kuhami zinazotoa waya nje ya tangi) tatu ndefu za 220, tatu za wastani za 132, moja ya nyutro, na ubavuni tatu au nne fupi za 33 ambazo mara nyingi hazijaungwa na kitu chochote. Mgeni akiuliza hizo fupi ni za nini, huambiwa ni za akiba. Jibu hilo linapotosha. Koili iliyo nyuma yake inafanya kazi tangu transfoma inapowashwa, na kwa kuwa haionekani kwenye mita yoyote, makosa yake hujificha miezi hadi siku ya hitilafu.

Kibao cha transfoma ya namna hii kwa kawaida husomeka YNa0d11. YNa0 ina maana 220 na 132 zinagawana koili moja ya nyota (fezi tatu zinakutana kwenye nyutro), mtindo wa ototransfoma, nyutro ikiwa imetolewa nje na kufungwa ardhini. d11 ni koili ya 33 iliyoungwa delta (pembetatu), na volteji yake inatangulia ile ya 220 kwa nyuzi 30, kama mshale ulio kwenye namba 11 ya uso wa saa (siyo saa kumi na moja yetu).

Ototransfoma inapendwa hapa kwa sababu ya bei. Toa 132/220 kwenye 1 unapata 0.4; kwa hiyo katika MVA 90 (kipimo cha nguvu) zinazopita, MVA 36 tu ndizo zinazogeuzwa kwa sumaku, na 54 zilizobaki zinapita moja kwa moja kwenye shaba. Chuma kinapungua, mafuta yanapungua, na usafiri kutoka bandarini unakuwa rahisi. Lakini nyota kwa nyota ikiachwa peke yake ina kasoro mbili, na delta ndiyo dawa yake.

Ya kwanza ni hamoniki ya tatu, yaani wimbi lenye masafa mara tatu ya 50 Hz ya gridi. Ili sumaku ya chuma iwe na umbo laini, mkondo unaoiamsha lazima uwe na sehemu ya 150 Hz. Sehemu hiyo inapanda na kushuka kwa pamoja katika fezi zote tatu, kwa hiyo kwenye nyota isiyo na nyutro haina pa kurudia, na volteji ya kila fezi inapinda. Nyutro ikifungwa ardhini inapata njia, ila njia yenyewe ni laini za nje na udongo. Kwenye delta inazunguka humo humo ndani na kuishia humo.

Ya pili ina uzito zaidi. Fezi moja ya 132 ikigusa ardhi, mkondo wa hitilafu unahitaji kusawazishwa na mkondo mwingine kwenye mguu ule ule wa chuma. Delta inautoa. Bila delta, hasa breka ya 220 ikiwa imefunguliwa, impidansi (ukinzani) ya mfuatano sifuri, yaani ile inayokutana na mikondo inayopanda na kushuka pamoja katika fezi zote, inapanda, mkondo wa hitilafu unakuwa mdogo, rilei za ethi (vifaa vinavyogundua hitilafu ya ardhi na kuamuru breka ifunguke) zinasita, na fezi mbili zilizo nzima zinapanda volteji kupita kiasi. Kwenye chuma cha miguu mitatu tangi lenyewe husaidia kidogo: flaksi (mtiririko wa sumaku) isiyo na pa kwenda inatoka kwenye chuma, inapita kwenye mafuta na kuta za tangi, na tangi linafanya kazi ya delta dhaifu huku likipata moto. Ndiyo maana wapo wanunuzi wanaoondoa koili ya tatu kabisa ili kupunguza gharama. Kwa chuma cha miguu mitatu hilo linajadilika, mradi impidansi ya sifuri ipimwe kiwandani na itumike kwenye hesabu za rilei. Kwa chuma cha miguu mitano, au transfoma tatu za fezi moja moja, flaksi ya sifuri ina njia rahisi ndani ya chuma, tangi halisaidii chochote, na kuondoa delta ni kujitafutia taabu.

Kazi ya tatu ndiyo watu wanaiona: kutoa umeme. Kwenye 33 unaweza kufunga transfoma ndogo ya 33/0.4 kV ya matumizi ya kituo (chaja za betri, feni za kupoza, mota za breka), au riakta (koili inayonyonya Mvar, yaani nguvu isiyofanya kazi), au kapasita (inayozizalisha). Riakta zina maana kubwa kwetu. Laini ndefu ya 400 kV isiyo na mzigo wa kutosha, kama ile ya Loiyangalani hadi Suswa yenye kilomita zaidi ya 400, inazalisha yenyewe nusu Mvar au zaidi kwa kila kilomita, na volteji inataka kupaa usiku. Riakta ya 33 kV ni rahisi kuinunua na kuifungia breka kuliko ya 400 kV, ingawa Mvar zake zote lazima zipite kwenye koili ya tatu, na huo ndio ukomo wake.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Chukua transfoma ya MVA 90/90/30. Tuite upande wa juu J, wa kati K, wa chini C. Kiwandani impidansi hupimwa jozi jozi: koili moja inapewa umeme, ya pili inafungwa shoti, ya tatu inaachwa wazi. Tuseme kibao kinatoa J–K asilimia 12 kwa MVA 90, J–C asilimia 10 kwa MVA 30, na K–C asilimia 5.5 kwa MVA 30. Soma hiyo "kwa MVA" mara mbili. Kabla ya kufanya lolote, zote zipeleke kwenye MVA 90: J–C inakuwa 10 × 90/30 = 30, na K–C inakuwa 16.5. Kisha zigawe kwenye matawi matatu ya nyota:

J = ½ (12 + 30 − 16.5) = 12.75
K = ½ (12 + 16.5 − 30) = −0.75
C = ½ (30 + 16.5 − 12) = 17.25

Tawi la K limetoka hasi, na wengi wakiona hivyo hudhani wamekosea, wanaifuta ile alama ya kutoa. Iache. Nyota hii ni ya kihesabu tu, hakuna koili yenye impidansi hasi ndani ya tangi, na koili iliyokaa katikati ya nyingine mbili mara nyingi huleta sifuri au hasi ndogo. Kipimo cha usahihi ni kujumlisha upya: J na K ni 12, J na C ni 30, K na C ni 16.5. Zikirudi kama zilivyokuwa, umepatia.

Usipobadilisha MVA, matokeo yanaonekana mazuri mno, hakuna hasi popote, na ndiyo hatari yenyewe. Shoti ya fezi tatu kwenye basba (fito za kusambazia umeme) ya 33, ikilishwa kutoka 220 pekee yenye nguvu isiyo na kikomo, kihalali ni MVA 30 ugawe kwa 0.10, yaani MVA 300, sawa na kA 5.25. Aliyesahau kubadilisha atasoma asilimia 10 kwa MVA 90 na kupata kA 15.7. Atanunua breka kubwa bure, hilo ni hasara ya fedha. Baya zaidi, ataweka rilei ya mkondo mkubwa kwa kutegemea kA 15 ambazo hazitakuja kamwe, na siku ya shoti rilei itakaa inatazama.

Kosa la upande wa pili ni kusahau kwamba 132 nayo inalisha. Kukiwa na chanzo imara pande zote mbili, impidansi hadi 33 inashuka hadi asilimia 16.45 kwa MVA 90, na shoti inafika kA 9.6. Koili ya tatu imetengenezwa kwa ampia 525 tu kwenye laini, ampia 303 ndani ya delta. Shoti ya mara 18 ya mkondo wake wa kawaida, ikiwa na kilele cha kwanza cha karibu kA 24, ndiyo inayokunja koili hizi. Nguvu inayozisukuma inaongezeka kwa mraba wa mkondo. Kwa hiyo kila mita ya basba tupu ya 33 iliyo karibu na tangi ni hatari kwa transfoma nzima, hata kama inalisha taa za kituo tu.

Na basba hizo zinavutia wanyama. Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha umeme wa maji cha Gitaru nchini Kenya, mtambo ukajizima, zaidi ya MW 180 zikapotea na nchi nzima ikaingia gizani. Angalia nafasi zenyewe: kwa 33 kV umbali mdogo unaoruhusiwa kati ya kitu chenye umeme na ardhi ni milimita 320, kwa 220 kV ni milimita 1,900 hivi. Tumbili, paka au bundi anaziba 320 bila kujinyoosha. Vifuniko vya plastiki ngumu juu ya bushingi za 33, na kebo zilizofunikwa badala ya mabomba ya alumini yaliyo wazi, ni fedha kidogo sana ukilinganisha na koili mpya. Kwa maoni yangu, usinunue transfoma ya namna hii bila kuviandika kwenye mkataba.

Volteji nayo ina mambo yake. Tepu (swichi ya kubadilisha idadi ya mizunguko ya koili) ni moja, pande za kuhudumia ni mbili. Ukiambia kidhibiti cha tepu kishike 132, basi 33 inafuata upepo. Washa kapasita ya Mvar 20 kwenye 33: kwa nyota ile ile, 132 inapanda 12.75 × 20/90, karibu asilimia 2.8, lakini 33 inapanda 30 × 20/90, asilimia 6.7. Soketi za kituo zilizokuwa 400 V zinasogea hadi 427. Weka riakta ya ukubwa huo huo na zitashuka hadi 373, na hapo ndipo mota za feni zinapolalamika na kontakta za zamani zinapoachia. Transfoma ya matumizi ya kituo iwe na tepu zake, au ichukue umeme kwenye chanzo kingine riakta zikiwa kazini. Ikiwa tepu za ototransfoma ziko upande wa nyutro, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu kila hatua inabadilisha flaksi ya chuma na volteji ya 33 inabadilika hata bila mzigo.

Kuhusu mzigo, usijumlishe MVA kichwakichwa. K ikivuta MVA 75 kwa pawafakta 0.9, hiyo ni MW 67.5 na Mvar 32.7. Kapasita ya Mvar 20 kwenye C inabakiza Mvar 12.7 za kuletwa na J, na J inabeba MVA 68.7 tu. Riakta ya ukubwa huo ingeipeleka hadi MVA 85.6. Kwenye mkataba andika wazi ni michanganyiko gani ya mizigo itabebwa kwa wakati mmoja, maana 90/90/30 peke yake haisemi kama J itatoa 90 kwa K na 30 kwa C kwa pamoja. Haitatoa. Jaribio la joto lifanywe kwa mchanganyiko wenye upotevu mkubwa kuliko yote, la sivyo kiwanda kitachagua ule mwepesi.

Ethi ya delta ndiyo sehemu inayogombaniwa zaidi kwenye vituo. Delta haina nyutro. Kama koili haijaungwa na kitu, funga kona moja tu ya delta ardhini, kwa nguvu na mahali pamoja. Ukifunga kona mbili umepiga shoti fezi nzima. Ukiacha zote zikielea, volteji inayopenya kwa njia ya kapasitansi kutoka 220 wakati wa radi inaweza kupita uwezo wa insulesheni ya 33, ambayo imejengwa kwa mpigo wa kV 170 huku jirani yake wa 220 akiwa na 950. Kwa sababu hiyo hiyo vizuia radi huwekwa kwenye bushingi zote za 33 zinazobaki wazi, hata kama hakuna waya unaotoka hapo.

Kama koili ina mzigo, kona haifungwi ardhini, kwani fezi mbili zilizobaki zingekaa na kV 33 kamili kwa ardhi badala ya kV 19, siku zote. Hapo unaweka transfoma ya ethi ya zigizaga (inayotengeneza nyutro ya bandia) kwenye basba ya 33, ndani ya eneo la kinga ya transfoma, ili hitilafu ya ethi ipate mkondo wa kuamsha rilei. Wapo wanaoacha 33 bila ethi kabisa kwa hoja kwamba hitilafu moja haikatizi huduma. Ni kweli haikatizi. Fezi mbili zinapanda mara 1.73, na kama hakuna anayejua, hitilafu ya pili inageuka shoti ya fezi mbili mlangoni pa transfoma. Ukichagua njia hiyo, weka VT (transfoma ndogo za kupimia volteji) zenye koili ya delta wazi ya 110/3: ethi kamili inatoa volti 110, na rilei inawekwa kwenye volti 20 hadi 30 ikiwa na ucheleweshaji wa sekunde kadhaa. Weka pia kizuizi (rezista) cha kumeza mtikisiko sambamba na hiyo delta wazi, la sivyo VT zenyewe zitaanza kupiga kelele na kuungua bila hitilafu yoyote.

Kwenye kinga ya difarensho, inayolinganisha mkondo unaoingia na unaotoka, kuna mtego mmoja ambao naona haupewi uzito. Rilei inataka pande zote tatu zisomwe kwa MVA moja, yaani 90, hata upande wa 33 wenye uwezo wa 30. CT (transfoma ndogo za kupimia mkondo) za 300/1 kwenye 220 zinatoa ampia 0.79 kwa MVA 90. Za 500/1 kwenye 132 zinatoa 0.79, lakini 33 kwa MVA 90 ni ampia 1,575, na CT za 600/1 zingetoa 2.62. Rilei nyingi zina ukomo wa kipengele cha kurekebisha, kwa hiyo CT za 1200/1 upande wa 33 ni chaguo bora hata kama mkondo halisi hautafika hapo.

Mtego wenyewe: siku ya kuwasha, mzigo unatoka 220 kwenda 132. Rilei inaonyesha difarensho karibu sifuri, kila mtu anapeana mkono, cheti kinasainiwa. Upande wa 33 haukuwa na mkondo, kwa hiyo hakuna kilichothibitishwa juu yake. Miezi mingi baadaye riakta inawashwa na transfoma inajizima. Ukifika hapo, kumbukumbu za rilei zinakuambia kosa lenyewe kwa uwiano wa difarensho na mkondo wa 33. Ikiwa ni asilimia 52, marekebisho ya nyuzi 30 hayakuwekwa. Ikiwa ni asilimia 100, yamewekwa kinyume, d1 badala ya d11. Ikiwa ni asilimia 200, CT zimegeuzwa.

Ni rahisi kulijua mapema. Kabla ya kuwasha, funga shoti fezi tatu za 33 nje ya CT, acha 220 wazi, kisha ingiza volti 415 za fezi tatu kwenye bushingi za 132. Kwa transfoma yetu unapata ampia 7.5 upande wa 132 na 30 upande wa 33, ambazo kupitia CT za 1200/1 ni miliampia 25, na rilei ya kisasa au klampu ya miliampia inasoma hizo bila shida. Ukiingizia upande wa 220 utapata ampia 1.5 tu, na 33 itaonyesha 10, kwa hiyo 132 ndiyo sehemu nzuri. Kumbuka hata hapo kwamba bushingi za 220 zilizo wazi zina karibu volti 700 kati yao, zizungushie kamba.

Matumizi mengine ya koili tatu yanafuata mantiki tofauti. Kwenye mitambo ya maji, jenereta mbili huweza kuchangia transfoma moja yenye koili mbili za chini, kila moja na yake, ili shoti ya jenereta moja isilishwe moja kwa moja na mwenzake. Mashamba ya sola hufanya vivyo hivyo kwa inveta mbili, kwa muungano wa Dy11y11 (delta juu, nyota mbili chini). Hapo impidansi kati ya koili mbili za chini inatakiwa iwe kubwa, kinyume na delta yetu. Kwenye HVDC (laini za volteji kubwa za umeme wa DC), kama Inga hadi Kolwezi kule Kongo, vali (swichi za kielektroniki) za mapigo 12 zinahitaji seti mbili za umeme zilizopishana nyuzi 30, moja nyota na moja delta, zinazotoka kwenye transfoma mbili au kwenye moja yenye koili tatu. Hamoniki za 5 na 7 zinafutana upande wa gridi, na filta zinaanzia 11 na 13.

Tukirudi kwenye 33: transfoma nyingi hutoa kona moja ya delta kwa bushingi mbili ili delta iweze kufunguliwa wakati wa vipimo, na kipande cha shaba ndicho kinachoifunga tena. Vipimo vya SFRA (vinavyosoma mwitikio wa koili kwa masafa mbalimbali) hufanywa delta ikiwa imefungwa na ikiwa wazi, na mistari ya masafa ya chini inatofautiana sana, kwa hiyo andika hali yake kwenye kila faili. Kipande hicho kikisahaulika chini, transfoma itawaka, itabeba mzigo, na hakuna mita itakayosema neno. Njia ya kukithibitisha: 220 ikiwa wazi, unganisha bushingi tatu za 132 pamoja, kisha weka 230 V ya fezi moja kati yake na nyutro. Delta ikiwa imefungwa, impidansi ni karibu ile ya K–C, oumu 32 kwa kila fezi, 10.6 kwa tatu sambamba, na ampia zinakuwa karibu 22. Delta ikiwa wazi ampia zinashuka sana, mara kadhaa chini ya hapo. Kipime kabla ya kuwasha transfoma, andika ampia kwenye fomu, na fomu iwe na sahihi ya aliyefunga kipande.